Kaka anayumba kama mlevi: tuuze kiwanja tukamtie umeme kichwani?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 38, naishi Tanga. Tatizo lilianza kwa kaka yangu, lakini kwa lilipofikia limekuwa la ukoo mzima.

Kaka ana miaka 43, ni fundi cherehani. Kwa kanzu na suti za harusi watu walikuwa wakimfuata kutoka Muheza na Pangani. Miaka kama sita iliyopita mshono wake ulianza kwenda upogo. Tukadhani ni macho, akapimwa, akapewa miwani, upogo ukabaki pale pale. Baadaye ikawa vifungo: tundu analiona, sindano inapita pembeni. Kisha miguu. Anatembea ameitanua, na akigeuka ghafla anashika ukuta. Sasa hata maneno anayavuta, na akinywa maji anapaliwa. Kaka yangu hajaonja pombe tangu azaliwe, lakini wateja wananong'ona kwamba fundi analewa tangu asubuhi, na wengine wamekuja kuchukua vitambaa vyao hata havijakatwa.

Mwaka jana tulimpeleka Dar es Salaam. Akapigwa MRI, daktari akatuonyesha picha, akasema ubongo wa nyuma umesinyaa na ugonjwa unaitwa ataksia. Kwa kuwa baba yetu na baba mdogo nao walimaliza maisha yao wakiyumba hivyo hivyo, akasema inaelekea ni wa kurithi. Kipimo cha vinasaba hakikufanyika. Dawa ya kuuponya hakuna, akasema, tumfanyishe mazoezi. Mazoezi! Mama alitoka pale analia. Tumesafiri usiku kucha, tumelipia MRI, tunaambiwa mazoezi.

Sasa yamezuka makubwa. Binamu yetu aliyeko Muscat ametuma kwenye kundi la familia video ya mashine ya umeme ya kuvaa kichwani. Mkanda unafungwa kwenye paji la uso, unauwasha kwa simu, dakika ishirini kila siku. Eti inaamsha ubongo na inatibu sonona, kiharusi, Parkinson na kuyumba. Bei ni kama shilingi milioni moja na laki mbili, naye yuko tayari kutoa nusu. Kaka yetu mkubwa yeye amewasiliana na kliniki moja ya nje. Wanayo mashine kubwa ya sumaku, wanataka vikao thelathini, na wamemhakikishia kwamba tiba hiyo imeidhinishwa Marekani. Ukijumlisha nauli na malazi inafika milioni 26. Pesa hiyo hatuna. Tulichonacho ni kiwanja cha Pongwe alichotuachia baba. Mnunuzi amepatikana na anataka jibu kabla ya mwezi kuisha.

Mjomba anasema tunapoteza muda, kaka amefanyiwa mambo na wanaomwonea wivu kazi yake, apelekwe kwa mtaalamu anayemjua yeye. Wifi hataki kiwanja kiuzwe, ana watoto watatu wa kusomesha, na kwa neno hilo ameshaitwa hana huruma.

Shangazi, niambie ukweli. Huu umeme unatibu au hautibu? Tuuze?

Kuna na jambo sijamwambia mtu. Mwezi uliopita nilijikwaa mara mbili kwenye ngazi za kazini. Tangu hapo silali.

Halafu kaka bado anakwenda kwenye kibanda chake kwa baiskeli. Mama anasema tumwache, ndiyo raha yake iliyobaki. Nalo hilo unisaidie.

Dada mtu, Tanga

*

Marahaba mwanangu.

Kiwanja msiuze. Naanza na hilo kwa sababu mnunuzi ana haraka na wewe hulali. Mengine tutakwenda nayo taratibu.

Mimi kazi yangu ilikuwa fiziotherapia, nimeifanya wodini mpaka nikastaafu, kwa hiyo ulivyoandika "Mazoezi!" na ile alama ya mshangao nilicheka peke yangu. Nitalirudia. Kwanza tuumalize umeme, maana binamu yako hakuuokota jalalani. Ni utafiti wa kweli, unafanywa na watu makini, na una matokeo. Shida ni umbali uliopo kati ya matokeo hayo na ile video.

Chini nyuma ya kichwa, karibu na shingo, kuna sehemu ya ubongo inayoitwa serebela. Ni ndogo kwa umbo lakini ina seli nyingi za neva kuliko ubongo wote uliobaki. Amri ya kuinua mguu inatoka kwingine. Serebela inapima: nguvu kiasi gani, kwa wakati gani, isimame wapi. Fundi atanielewa upesi nikisema ni ile skrubu ya kukazia uzi kwenye cherehani. Mota nzima, sindano nzima, mguu unakanyaga vizuri, lakini skrubu ikilegea kazi yote inaharibika. Ndiyo sababu mikono ya kaka yako ina nguvu zake na bado tundu la kifungo linamshinda. Katika ataksia nyingi za kurithi, seli zinazobeba kazi hiyo, zinaitwa seli za Purkinje, zinakufa kidogo kidogo kwa miaka mingi.

Watafiti wakajiuliza: zilizokufa zimekufa, je, zilizobaki haziwezi kusukumwa zichape kazi zaidi? Njia za kuzisukuma bila kupasua fuvu ziko mbili kubwa. Moja ni ya sumaku. Anthony Barker na wenzake wa Sheffield, Uingereza, waliionyesha mwaka 1985: koili inawekwa juu ya kichwa, inalia ta, ta, ta, na kila mlio ni sumaku ya ghafla inayozaa umeme mdogo ndani ya ubongo. Ya pili ni ya umeme mnyonge wa betri unaopitishwa kwenye sifongo mbili zilizoloweshwa maji ya chumvi. Miliampea 1 au 2 tu. Mgonjwa anasikia mchonyoto na kuwashwa kwa ngozi, basi.

Kwa ataksia, waliolishikilia zaidi jambo la sifongo ni madaktari wa Brescia, kaskazini mwa Italia, akiwamo Alberto Benussi na Barbara Borroni. Mwaka 2017 walichapisha jaribio la wagonjwa 20. Sifongo moja waliiweka sentimita 2 chini ya kile kinundu cha mfupa kilicho nyuma ya kichwa, nyingine begani. Miliampea 2, dakika 20, siku tano kwa wiki, wiki mbili. Wengine walipata umeme wa kweli. Wengine mashine iliwashwa sekunde chache tu, wakasikia mchonyoto wakaridhika, kisha ikazimwa kimya kimya bila wao kujua. Napenda sana ujanja huo, kwa sababu mgonjwa aliyefungwa waya na kuhudumiwa kwa upole siku kumi mfululizo atajisikia nafuu hata kama waya haina kitu. Waliopata umeme wa kweli walitembea mita 8 kwa haraka zaidi na kupachika vijiti tisa kwenye matundu yake kwa haraka zaidi, na nafuu ilionekana mpaka miezi mitatu. Mwaka 2021 kundi hilo hilo likatoa jaribio la watu 61, safari hii sifongo ya pili ikiwa mgongoni, na matokeo yakaelekea huko huko.

Ukiishia hapo, kiwanja unauza kesho asubuhi.

Lakini nenda Nijmegen, Uholanzi. Huko walichukua watu 20, wote wa aina moja ya ataksia, ile inayoitwa SCA3, ambayo ndiyo inayopatikana zaidi duniani katika ataksia zinazotoka kwa mzazi mmoja kwenda kwa mtoto. Wiki mbili, vikao kumi, sifongo zile zile. Majibu yakatoka mwaka 2022: waliopata umeme na waliofungiwa mashine iliyozimwa hawakutofautiana kwenye kipimo kikuu. Ile ya sumaku nayo ina historia kama hiyo. Wajapani walichapisha mwaka 2002 jaribio la wagonjwa 74, mwendo wa waliotibiwa ukaonekana kuwa bora, na tangu hapo yamefuata majaribio mengine madogo madogo, mengi yakiwa na dalili njema, hakuna lililokuwa kubwa kiasi cha kumaliza ubishi.

Kwa hiyo jibu la swali lako: umeme haujatibu ataksia ya mtu yeyote, kwa maana ya kuiondoa au kuisimamisha. Kwa baadhi ya wagonjwa unaonekana kuleta nafuu ya kiasi, ya miezi, halafu nafuu hiyo inaisha. Kwa wengine hauleti. Na hakuna anayeweza kumtazama kaka yako akakwambia yuko kundi gani, hasa ukizingatia kwamba hata aina ya ataksia yake hamjaijua.

Sasa ile video. Umesema mkanda unafungwa kwenye paji la uso. Ugonjwa wa kaka yako uko kisogoni. Umeme mnyonge wa betri hauzunguki kichwani ukitafuta palipoharibika, unapita kati ya sifongo na sifongo. Mkanda wa mbele ulitengenezwa kwa watu wa sonona, na anayeuuza kwa ajili ya kuyumba ama hajui serebela iko wapi ama anajua na anaendelea kuuza. Kwa hilo peke yake ningemrudishia binamu video yake. Na kuna hatari pia, hata kama si kubwa. Sifongo ikikauka inaunguza ngozi. Mwenye kifafa, mwenye chuma kichwani au betri ya moyo hapaswi kuchezea vitu hivi bila daktari. Mwaka 2016 watafiti wenyewe wa fani hii walichapisha barua ya wazi kuwatahadharisha watu wanaojifungia mashine hizi nyumbani, wakisema madhara ya kuzitumia kila siku kwa muda mrefu hayajulikani, na kwamba ukisisimua sehemu moja ya ubongo nyingine inaweza kudhoofika. Waliosema hivyo ndio wanaokula mkate wao humo.

Ile kliniki ya milioni 26 nayo ina neno moja la kweli. Mashine ya sumaku iliidhinishwa Marekani, ndiyo. Iliidhinishwa mwaka 2008 kwa ajili ya sonona, na baadaye kwa maradhi mengine machache. Ataksia haimo. Mwambie kaka yenu mkubwa awaulize kwa maandishi: imeidhinishwa kwa ugonjwa gani, na mtampima kwa kipimo gani kabla na baada? Wataalamu wa ataksia wanatumia kipimo kiitwacho SARA, kina alama 0 mpaka 40, wanaangalia mwendo, kusimama, kukaa, usemi, kidole kwenda puani, kisigino kuteremka kwenye muundi na kadhalika. Kliniki inayotibu ataksia kweli itakijibu hicho kabla hujamaliza kuuliza. Inayokutumia ushuhuda wa mtu anayelia kwa furaha, achana nayo. Na mkipata siku moja utafiti halisi unaotafuta wagonjwa, utafiti wa namna hiyo haumtozi mgonjwa ada ya matibabu. Akitaka kujiunga na huo, aende kwa moyo mweupe, nitamwombea.

Nakuja kwenye mazoezi yenu mliyoyalilia.

Mwaka 2009 watafiti wa Ujerumani, wakiongozwa na Winfried Ilg wa Tübingen, waliwachukua wagonjwa 16 wa ataksia zinazoendelea kuharibika na kuwafanyisha mazoezi ya uratibu wa viungo kwa wiki nne, saa moja mara tatu kwa wiki. Alama zao za SARA zilishuka, yaani walipata nafuu, na wenye ugonjwa wa serebela ndio waliofaidi zaidi. Katika aina zilizo nyingi za ataksia za kurithi mgonjwa anapoteza kama alama moja au mbili kwa mwaka. Watafiti walisema waliofanya mazoezi walirudishiwa uwezo unaolingana na mwaka mmoja wa ugonjwa, au zaidi. Walioendelea nyumbani walikuwa bado na faida mwaka mmoja baadaye. Hata watafiti wa umeme wengi siku hizi wanafikiri kwamba ukifaa, utafaa ukiambatana na mazoezi. Kwa hiyo daktari wa Dar es Salaam hakuwafukuza. Aliwapa kitu chenye ushahidi mzuri kuliko vyote vilivyo mezani, ila nadhani alikisema kwa sentensi moja akiwa ameshika mlango.

Mazoezi yenyewe si kukandwa mafuta, na si kunyanyua matofali. Misuli yake haina kosa. Anatakiwa afanye jambo linalomwelemea kidogo, pale pale anapokaribia kuyumba, huku akiwa hawezi kuumia. Mfunge kitenge kigumu kiunoni, fundo likae mgongoni, wewe ukishike kwa nyuma bila kumvuta. Asimame kwenye kona ya kuta mbili, kiti mbele yake. Miguu pamoja. Kisha mguu mmoja mbele ya mwingine. Kisha ageuze kichwa kulia, kushoto, juu. Akishaweza, aondoe mkono kwenye kiti. Halafu kugeuka, maana umeniambia mwenyewe kwamba akigeuka ndipo anashika ukuta. Wengi wanaanguka kwenye kugeuka. Asigeuke kwa kupinda kiuno miguu imebaki, azunguke kwa hatua ndogo ndogo, akihesabu kwa sauti. Akae na kuinuka bila mikono. Atembee akipita juu ya kamba mlizotandaza sakafuni. Nusu saa mpaka saa, siku nyingi za wiki, na akishazoea zoezi mliongeze ugumu, kwa sababu lililokuwa jepesi halimfundishi tena kitu. Mpangieni hayo na mtaalamu wa fiziotherapia, hospitali ya mkoa wapo, amwone mara kadhaa mwanzoni kisha kila baada ya miezi michache. Video wachukueni nyie kwa simu, mita nane za barazani, tarehe moja kila mwezi. Hizo ndizo video za kuangalia.

Kupaliwa na maji msikuchukulie kirahisi, kunaweza kuleta nimonia. Anywe ameketi wima, kidevu amekiinamisha kifuani kidogo, funda dogo dogo, asizungumze. Vitu vizito kidogo kama uji na mtindi vinapita salama kuliko maji matupu. Kandambili azipe likizo, avae viatu vinavyoshika kisigino. Bafuni wekeni chuma cha kushikia kilichochimbiwa ukutani na kiti cha kuogea.

Mrudisheni pia kwa daktari na maswali ambayo barua yako haikuyagusa. Je, alipimwa vitamini B12, vitamini E, tezi ya thairoidi, kaswende, VVU? Anatumia dawa yoyote ya muda mrefu? Fenitoini, ile ya kifafa, ikizidi mwilini inamyumbisha mtu hivi hivi, na ikitumika vibaya miaka mingi inaweza kusinyaza serebela yenyewe. Kwa historia ya baba na baba mdogo naamini ni urithi, lakini mtu mwenye ugonjwa wa kurithi anaweza pia kuwa na upungufu wa B12 juu yake, na huo unatibika kwa sindano za bei nafuu. Kisha ulizeni habari ya kipimo cha vinasaba, hata kama sampuli itasafirishwa. Kujua aina kuna maana. Dawa iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2023, mkisikia habari zake, ni ya ataksia ya Friedreich pekee, ambayo kwa kawaida huanza utotoni au ujanani na haitoki kwa baba mgonjwa kwenda kwa mtoto kama yenu ilivyotoka. Tiba zinazotafutwa sasa zinalenga jeni moja moja, na siku ikipatikana ya kwenu mtaijuaje?

Sasa niseme jambo ambalo si la kitabibu. Barua yako ina binamu, kaka mkubwa, mjomba, wifi, mama na mnunuzi, na kila mmoja ana neno. Fundi mwenyewe hana hata moja. Nafahamu inavyokuwa: anavuta maneno, anachelewa, mtu mwenye haraka anammalizia sentensi. Baada ya mwaka anaacha kuzianza. Akili yake nzima, mwanangu. Kaeni naye bila televisheni, mwulizeni anataka nini, na msubiri. Huenda akataka umeme. Huenda akataka cherehani ihamie nyumbani, kijana afanye kushona naye abaki kwenye kupima na kuelekeza. Fundi wa suti wa miaka yote hiyo ana kitu cha kufundisha hata kama sindano imemkataa. Na daktari awaandikie karatasi yenye mhuri, kwamba ana ugonjwa wa mishipa ya fahamu unaomfanya ayumbe na kukokota maneno, hajalewa. Moja ibaki mfukoni mwake, nyingine ibandikwe kibandani juu ya meza ya kukatia. Wateja wanasoma.

Mjomba msigombane naye. Mwulizeni tu kwa adabu wivu wa kazi ya fundi uliwezaje kumpata baba kwanza na baba mdogo baadaye. Dua zisomwe, hakuna ubaya. Dawa za kunywa zisizojulikana, hapana.

Wifi yako yuko sawa na mumwombe radhi. Yeye ndiye atakayemshika usiku akienda msalani miaka kumi ijayo, na kiwanja hicho ni ada za shule za watoto watatu ambao baba yao kipato chake kinapungua. Binamu wa Muscat naye asivunjwe moyo, ana nia njema na laki sita mkononi. Mwandikieni kwamba mkanda hamuutaki ila hizo laki sita mnazihitaji: vikao vya mwanzo vya fiziotherapia, vyuma vya bafuni, viatu, vipimo vya damu. Ataona picha za vilivyonunuliwa kwenye kundi lile lile.

Wewe. Ugonjwa ukiwa wa aina ninayoidhania, kila mtoto wa mzazi mgonjwa, wa kike au wa kiume, ana nafasi nusu kwa nusu ya kuurithi. Sitakudanganya kwamba kujikwaa mara mbili si kitu, wala sitakwambia ni mwanzo wa ugonjwa, kwa sababu mtu asiyelala na mwenye mawazo hujikwaa. Nenda kamwone daktari wa mishipa ya fahamu akuchunguze kwa mikono yake: utembee kisigino kikigusa kidole, uguse pua yako kisha kidole cha daktari, uteremshe kisigino kwenye muundi. Ni dakika chache na utatoka na jibu la leo. Kipimo cha vinasaba ni jambo jingine kabisa, usikikimbilie. Kwanza aina ya kaka ijulikane. Kisha uzungumze na mtu anayejua kushauri juu ya majibu hayo, ujiulize ukiambiwa "unayo" utafanya nini kesho yake, na una haki ya kukataa kujua. Watoto wako wasipimwe. Wakifika utu uzima wataamua wenyewe. Na mwambie mtu mmoja hapo nyumbani, mumeo au rafiki, kwamba huna usingizi.

Baiskeli aiache wiki hii. Mama atanisamehe. Mtu anayeshika ukuta akigeuka hawezi kukwepa bajaji, na akianguka akavunja nyonga tutapoteza kwa siku moja zaidi ya ambavyo ugonjwa ungechukua kwa miaka. Kama raha yake ni kupiga pedali, kuna baiskeli za magurudumu matatu, na mchomeleaji mzuri anaweza kuigeuza hiyo hiyo yake ikawa na magurudumu mawili nyuma na kikapu cha vitambaa katikati. Ulizeni bei kabla hamjamnyang'anya, ili siku ya kuitoa ya zamani ile mpya iwe tayari mlangoni.

Shangazi